Hewa Ikiigusa

Verdell Mosby alifika hospitali ya kaunti siku ya Ijumaa asubuhi, kofia ya kanisani kichwani na boksi la viatu kwapani, kuja kumwambia daktari kwamba Jumanne hatapasuliwa. Hakuja kuomba. Alikuja kutoa taarifa, kama mpangaji anayerudisha funguo.

Ndani ya utumbo wake mpana, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe wenye ukubwa wa limau. Daktari aliuona kwa kamera, akanyofoa kipande, akakipeleka maabara, na maabara wakasema ndiyo, ni saratani. Habari njema, alisema daktari, ni kwamba bado haijasambaa. Verdell aliposikia "habari njema" na "saratani" zikikaa kwenye sentensi moja, akajua huyu mtu hakulelewa kanisani.

Yeye alikuwa na miaka sitini na tisa, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa mkuu wa jiko la kanisa la Mlima Nebo, mjini Merrow, Mississippi. Muumini akifa, Verdell huwapikia wafiwa. Kwa hiyo alikuwa na vijitabu vyote vya mazishi, vile vya karatasi inayong'aa, picha ya marehemu mbele akiwa bado na meno yake, na ndani wasifu uliotiwa chumvi mpaka mlevi wa mtaa anatoka mzee wa busara. Wenzake walivihifadhi ndani ya Biblia. Biblia ya Verdell ilishajaa zamani ikawa haifungiki, ndipo akahamia kwenye boksi la viatu.

Sasa, Merrow kila mtu anajua jambo moja kuhusu saratani. Ukiiacha imelala, pengine mtazoeana. Wakikufungua, hewa ikaigusa, basi, anza kuchagua nyimbo. Inaamka na kutembea mwili mzima. Bibi alimwambia mama, mama akamwambia binti, na kila baada ya miezi michache mtu mwingine hupasuliwa, huzikwa, na watu hutikisa vichwa juu ya sahani za kuku wakisema hewa imemgusa. Ukitaka ushahidi zaidi ya huo, wewe una lako jambo.

Aliyemleta kwa gari ni wifi yake Lurlean, dada wa marehemu mumewe Otha. Lurlean alianza kusema walipotoka nyumbani, na walipofika maegesho ya hospitali alikuwa bado hajameza mate.

"Wifi, mtu hata akifa afe kwa heshima. Nyota moja. Serikali yenyewe imeandika kwenye mtandao, hospitali hii nyota moja. Watu wakipasuliwa kansa hapa wanakufa kuliko kwingine. Choo cha kituo cha mafuta kina nyota mbili."

"Hao wa nyota tano wako wapi?"

"Jackson. Wana maua mlangoni, na kuna mtu anapiga piano."

"Niliwapigia simu. Binti akaniuliza nina kadi gani ya bima. Nikamwambia ya serikali. Akaniambia nafasi ipo Novemba. Huu Aprili, Lurlean. Hiyo piano nitaisikilizia wapi, kaburini?"

"Ndiyo maana nasema usipasuliwe kabisa, huku wala huko. Kaka yangu wangemwacha bila kumfungua, saa hizi angekuwepo, anakuudhi."

Maneno hayo Lurlean aliyasema mara ya kwanza kando ya kaburi la Otha, miaka kumi na mmoja nyuma, na Verdell aliyapokea kama mtu aliyechoka anavyopokea kiti. Amekikalia kiti hicho tangu siku ile.

"Nisubiri hapa," akasema. "Sichelewi."

Daktari wa upasuaji aliitwa Halvorsen, mrefu, mwembamba, mtu wa Minnesota, kule kwenye theluji ambako watu huomba radhi kabla ya kupiga chafya. Merrow alikuwa amekaa miaka kumi na minne na bado alikula kuku kwa uma. Pembeni yake alisimama Nesi Corliss Dantzler, mama wa makamo, mzaliwa wa papo hapo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Bi Mosby, karibu," alisema daktari. "Una maswali kuhusu Jumanne?"

"Sina maswali. Sina Jumanne."

Daktari akatazama karatasi zake, kana kwamba jibu lingekuwa humo. "Naweza kujua kwa nini?"

"Hewa."

Corliss alishusha pumzi ndefu, akajiegemeza kabatini. Alijua kitakachofuata. Daktari naye, haki yake apewe, alikuwa ameshalisikia neno hilo mara nyingi katika miaka kumi na minne, na alikuwa na hotuba yake tayari. Akaitoa kwa upole.

"Hewa haisambazi saratani, Bi Mosby. Nakuhakikishia. Halafu wewe hatutakufungua tumbo lote. Tutatoboa matundu madogo manne, tuingize kamera, kisha tujaze tumbo gesi ili tupate nafasi ya kufanya..."

Corliss akafumba macho.

"Mjaze nini?"

"Gesi. Haina madhara. Tumbo linainuka tu kidogo hivi," na maskini, akaonyesha kwa mikono yake miwili umbo la mpira.

Verdell akamgeukia Corliss. "Nimekuja hapa nasema naogopa upepo. Huyu anataka kunijaza kama tairi."

"Daktari," alisema Corliss, "hebu nyamaza kidogo."

Verdell akafungua boksi. Akaanza kupanga vijitabu vya mazishi juu ya meza ya daktari, kimoja kimoja, kama mtu anayegawa karata, mpaka vikafunika kalamu, simu na picha ya mbwa wa daktari. Nyuso ziliwatazama watatu hao zikitabasamu, wengine na kofia, wengine na tai, wote wakiwa na afya tele.

"Ishirini na watatu," alisema. "Wote kansa. Wote walipasuliwa humu humu mwenu. Shemasi Gaines, kisu Machi, kaburi Juni. Dada Ouida Streeter, kisu kabla ya Sikukuu ya Shukrani, na bata mzinga wa sikukuu tukamlia matangani. Huyu, wiki tano. Huyu, siku kumi. Serikali imewapa nyota moja, mimi hata hiyo ningewanyang'anya."

Daktari aliinama juu ya meza. Kidole chake kirefu kilisimama juu ya uso mmoja, kikahamia mwingine. Alikuwa anawajua. Kumi na wanne kati yao walikuwa wa mkono wake, na hakuna hata mmoja aliyemwona akiwa na mashavu yale ya kwenye picha.

"Ni kweli," akasema. "Wagonjwa wetu wanakufa zaidi kuliko wa Jackson. Sikufichi. Sehemu ya lawama ni yetu. Manesi hawatoshi, mashine ya picha inaharibika kila mwezi. Na sehemu nyingine..." Akakwama. Mtu wa Minnesota hajui kumlaumu marehemu mbele ya mwenyeji wake.

Corliss hakuwa na tatizo hilo. "Mama Verdell," alisema, "mimi niko wapi hapo?"

"Wewe wapi?"

"Kwenye boksi lako. Nitafute."

"Wewe hujafa, Corliss."

"Nilipasuliwa chumba cha mwisho cha korido hii, miaka sita iliyopita. Utumbo huo huo wako, kisu cha huyu huyu mrefu. Hewa ilinigusa mpaka nikapata mafua."

Verdell alimtolea macho. "Ulituambia umeenda kwa binti yako Atlanta."

"Niliwaambia watu wote hivyo. Merrow ukitamka kansa, wanaanza kukupima jeneza kwa macho. Na Wyomia Pettus, anayekuibia mapishi ya pai, unadhani lile titi lake la kushoto ni lake? Nimepata ruhusa yake kulisema, maana naye kachoka kulificha. Tuko wengi, Mama. Hatuchapishiwi vijitabu, ndiyo maana hatumo. Umekusanya waliokufa tu, halafu unashangaa kwamba wote wamekufa."

Hilo lilimwingia. Verdell hakuwa mjinga. Alijua ukihesabu mayai yaliyooza peke yake utasema kuku wote wa Merrow wana laana. Lakini mtu mwenye boksi la miaka thelathini halifungi kirahisi hivyo.

"Sawa. Nyinyi mmepona. Na hawa ishirini na watatu? Hawa waliguswa na nini?"

Corliss akamchukua Shemasi Gaines, akamweka mbele ya Verdell. "Niambie wewe. Huyu alianza kuumwa lini?"

"Alipasuliwa Machi."

"Sikuulizi kisu. Nakuuliza kuumwa."

Sasa hapo aliulizwa kitu anachokijua. Verdell hakumbuki siku za kuzaliwa za watu, wala majina ya wajukuu wao, lakini muulize nani aliacha nini kwenye sahani, atakutajia na hali ya hewa ya siku hiyo. Miaka thelathini na mmoja alisimama kwenye dirisha la jiko akipokea sahani zinazorudi. Sahani ilikuwa barua yake.

"Gaines," akasema, "aliacha paja la kuku siku ya maadhimisho ya mchungaji. Mwanamume aliyekuwa akitafuna mpaka mfupa. Nikadhani anajidai."

"Mwaka gani?"

"Si ule aliokufa. Wa kabla yake... hapana. Wa kabla ya huo."

"Ouida?"

"Ouida alikula vizuri. Ila alianza kula na mkoba mapajani, kauinua hivi, kafunika nao kifua. Pasaka mbili. Watu wakasema kaiba sahani ya kanisa."

Akaendelea mwenyewe, bila kuulizwa. Huyu aliacha makaroni ya jibini msimu wa kuvuna pamba. Huyu alianza kuomba supu tu. Huyu alikuwa akifungasha chakula chake chote apeleke nyumbani, na baadaye mbwa wa jirani akanenepa. Mwaka, mwaka na nusu, miaka miwili. Kila mmoja alitangulia kurudisha sahani, na kisu kikaja nyuma sana. Hawakuwa na kadi, au kazi haikuwapa ruhusa, au waliogopa, au vyote vitatu. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Verdell ndiye aliyepikia vilio vyote hivyo bila kuunganisha hesabu.

Kidole cha Corliss kikafika kwenye kijitabu cha kona, chenye mikunjo kuliko vingine.

"Huyo mwache," alisema Verdell.

Corliss akakiacha. Lakini hesabu ikishaanza haikuachi wewe.

Otha Mosby alikula bamia za kukaanga kama watoto wanavyokula karanga, kwa kiganja, amesimama, kabla hazijapoa. Kisha kiangazi kimoja akaanza kuziacha. Mbili tatu, halafu nusu, halafu sahani nzima. Na alikuwa akikaa chooni muda mrefu, akitoka anasema ni joto. Verdell hakuwaza ugonjwa. Aliwaza Clarice, yule mwanamke wa kiwanda cha samaki kambare alikofanya kazi Otha, mwenye nyonga za kuzungumza, aliyejulikana kuleta chakula kazini. Akamwambia mumewe waziwazi kwamba anakula kwa Clarice. Otha alikuwa anatoka damu, na kiwandani ukikosa siku tatu unafutwa kazi, na kadi ya bima walikuwa hawana. Akasema, "Haya, ninakula kwa Clarice." Alichagua kuitwa mzinzi kuliko kuitwa mgonjwa. Verdell akamnunia siku tisa, na baada ya hapo hakumkaangia tena bamia. Walipomfungua, mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita. Walitazama ndani, wakamfunga. Alikaa siku kumi na tisa.

Hewa ilikuwa imemfaa sana Verdell. Haina ndugu, haina masikio, unaweza kuilaumu miaka kumi na mmoja isikujibu neno. Ukiiondolea hewa kesi, mtu aliyebaki chumbani ni wewe, umesimama na sahani mkononi.

"Niliona," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, si ile ya jikoni. "Bamia zake niliziona, Daktari. Miezi kumi na minane kabla yako. Nikanuna."

Daktari hakusema kwamba si kosa lake. Alivuta kiti, akakaa, magoti yake marefu yakagonga meza. "Mimi ndiye niliyemfungua," alisema. "Namkumbuka Bwana Mosby. Aliniuliza kama mpishi wetu hapa ana ugomvi naye. Akasema kwake nyumbani kuna mwanamke anayekaanga bamia, na kwamba alimkosea, na hajui aanzie wapi kumwambia."

Verdell alilia. Alilia kofia ikiwa kichwani, bila kelele, na Corliss akampa karatasi za hospitali, zile ngumu zinazokwangua pua.

Alipomaliza, Corliss akauliza, "Na wewe, Mama? Umeacha kula nini?"

"Mkate wangu wa mahindi."

"Tangu lini?"

"Krismasi."

"Leo Aprili."

"Najua kuhesabu, Corliss."

"Basi hesabu."

Verdell akatazama meza. Mwaka na nusu, miaka miwili, mwaka, miaka miwili. Na yeye miezi minne, uvimbe bado limau, haujatoka nje ya ua wake. Kama ni mbio, wengine wote walianza jua likizama. Akaanza kurudisha vijitabu ndani ya boksi, Otha akiwa wa mwisho, juu kabisa.

"Jumanne saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi," alisema daktari.

"Na hiyo gesi. Mkimaliza mnaitoa yote?"

"Karibu yote. Inayobaki mwili unaimaliza wenyewe."

"Unaimalizia wapi?"

Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nauliza tu," alisema Verdell. "Mimi naimba kwaya, mstari wa mbele."

Nje, Lurlean alikuwa amelala garini mdomo wazi. Verdell akagonga kioo. "Jumanne unanileta saa kumi na moja na nusu," akamwambia, "na usinitajie nyota."

Alipasuliwa Jumanne. Wakamjaza upepo, wakakata, wakatoa, wakashona matundu manne na moja kubwa kidogo la kutolea limau. Tezi ishirini na moja za kando ya utumbo walizipeleka maabara, na hakuna hata moja iliyokuwa na saratani. Chakula cha hospitali alikirudisha jikoni na ujumbe wa maandishi. Siku ya thelathini Corliss akampigia simu.

"Leo unaandikwa rasmi kuwa hai, Mama."

"Unaniandika wapi?"

"Serikalini. Wanahesabu siku thelathini baada ya kisu."

"Na nikifa kesho?"

"Hilo litakuwa kosa lako."

Nyota ilibaki ile ile moja. Mtu mmoja hahamishi nyota.

Mwezi Julai, kwenye chakula cha mwaka cha Mlima Nebo, Verdell alikuwa amekatazwa kuinua sufuria, kwa hiyo alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la jiko akitukana wanaoinua. Corliss alikaa meza ya tatu na Wyomia Pettus, wote wawili wakisimulia mishono yao kwa sauti kiasi kwamba shemasi mmoja alihama meza. Sahani zikaanza kurudi. Verdell alizipokea, akazisoma.

Ikaja moja yenye pai ya mapichi, imeguswa pembeni tu kwa kijiko. Kuku hajaguswa. Bamia zote zipo.

"Hii ya nani?"

"Ya Dada Lurlean," alisema msichana aliyeileta.

Lurlean, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha kitu isipokuwa mume wake wa kwanza. Verdell akakumbuka Jumapili iliyopita, na ile ya nyuma yake. Akainuka taratibu, mkono mmoja tumboni, akaichukua sahani, akavuka ukumbi mzima nayo mpaka kwa wifi yake, akaiweka mezani.

"Ni joto tu, wifi," alisema Lurlean kabla ya kuulizwa.

"Otha naye alisema joto."

Lurlean aliiangalia pai.

"Tangu lini?" aliuliza Verdell.

"Pasaka." Halafu, polepole, "Ile asubuhi ulipokuwa ndani kwa daktari, mimi sikulala garini. Nilifumba macho tu. Nilikuwa naumwa."

Verdell alisikia hasira ikipanda, ile ile ya zamani, ya mtu anayerudishiwa chakula na asiambiwe ukweli. Aliijua vizuri. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameisahau sura yake, na leo imekuja imevaa nguo zile zile. Akavuta kiti, akakaa.

"Kesho saa tatu tunakwenda," alisema. "Nitaendesha mimi."

"Leseni yako iliisha mwaka jana."

"Basi endesha wewe, mimi nitakaa pembeni nikikuudhi."

"Wifi," Lurlean akanong'ona, "na hewa?"

"Watakujaza," alisema Verdell. Akamshika mkono chini ya meza, na kwa ule mwingine akaanza kumlia bamia zake. "Inayobaki utaimalizia kwayani."